Uzi: Boti ikizima Ziwa St. Clair, mpaka wa Kanada uko pale pale. Nichukue mpango gani wa kuvutwa?

#1 Nahodha_Mwanagenzi

Wakuu habari za humu. Najua wengi mko nyumbani na jambo hili mtaliona la ajabu, lakini najua pia kuna ndugu wa Michigan, Ohio na upande wa Ontario wanaopita kimya kimya. Leo naomba mjitokeze.

Nimenunua boti ya futi 21, mtumba, injini moja ya nje. Naiweka St. Clair Shores, Michigan. Kazi yake ni kuvua samaki na kutembeza watoto. Sasa nataka huduma ya kuvutwa majini, maana injini ni moja na ikigoma sina ya akiba. Nimeona njia tatu:

Kwanza, kampuni yangu ya bima wanaweza kuniongezea kiambatisho cha kuvutwa, wananirudishia hela hadi kiwango fulani kwa kila tukio. Pili, uanachama wa BoatUS, wale wa boti nyekundu za TowBoatUS. Tatu, Sea Tow, boti za njano.

Bei za mwaka hazipishani sana kiasi cha kuniamulia. Kinachonisumbua ni mpaka. Mstari wa Marekani na Kanada umekata ziwa katikati, na samaki hawana pasipoti. Nikizimikiwa ng'ambo ya mstari, nani anakuja? Ananipeleka wapi? Nani analipa?

Nisaidieni kabla sijatoa kadi ya benki.

#2 Mzee_wa_Sukani

Mwanagenzi, swali zuri, ila umeanzia katikati. Nimefanya kazi kwenye tagi miaka mingi, kwanza Kilindini, baadaye huku maziwa makuu upande wa Toledo. Kabla ya mpaka kuna jambo kubwa zaidi: jua tofauti ya kuvuta na kuokoa.

Kuvuta ni injini imekufa, boti inaelea, hakuna hatari ya mara moja. Unapewa kamba, unarudishwa, saa zinahesabiwa. Uanachama wako unalipia hiyo.

Kuokoa ni habari nyingine kabisa. Boti inaingiza maji, imepanda mawe, au inasukumwa na upepo kwenye ukuta wa bandari. Hapo sheria ya bahari inasema aliyekuokoa kwa hiari yake, na akafanikiwa, anastahili tuzo. Tuzo haipimwi kwa saa. Inapimwa kwa thamani ya kilichookolewa, ukubwa wa hatari, ustadi wa mwokoaji na mali yake aliyoihatarisha. Mahakama Kuu ya Marekani iliviweka vigezo hivyo kwenye kesi ya meli Blackwall mwaka 1869, na Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa 1989 unafuata mkondo huo huo. Asipofanikiwa hapati kitu. Akifanikiwa, boti yako ya dola 30,000 ndiyo kikapu anachochotea.

Uanachama wa kuvutwa haulipii uokoaji. Hiyo ni kazi ya bima ya chombo. Kwa hiyo watu wanaouliza "bima au uanachama?" wanauliza kama mtu anayechagua baina ya nanga na kasia.

Kati ya kuvuta na kuokoa kuna kupwelewa, yaani boti kukwama kwenye maji mafupi. Ziwa lako ni la kina kifupi, wastani wake ni kama futi 11 hivi, na kule kwenye delta ya Mto St. Clair, karibu na Harsens Island, kuna mafungu ya mchanga yanayokula pangaboi kila Jumapili. Kampuni nyingi zinakubali kukutoa mchangani bila malipo ya ziada endapo kazi ni nyepesi: boti moja ya kuvuta, muda mfupi, boti yako bado inacheza majini na hakuna hatari. Ikihitajika boti ya pili, au mawimbi yanaigongesha chini, jina linabadilika kuwa uokoaji. Soma kifungu hicho kwa miwani. Kwenye ziwa lako hicho ndicho utakachokitumia kuliko kingine chochote.

Na kabla hujapokea kamba, uliza kwa sauti, ikiwezekana simu ikiwa inarekodi: "Kapteni, hii ni kuvuta au ni uokoaji?" Muungwana atakujibu. Akikupa karatasi usaini, isome hata kama unalowa mvua.

#3 Tanga_Raha

Yaani huko mnalipa KABLA hamjaharibikiwa? 😂 Huku ukizima mashine unavua shati unalipunga, nahodha mwenzio anakuja, mnaelewana mafuta na samaki wawili.

#4 Mzee_wa_Sukani

@Tanga_Raha usicheke sana. Hata huku desturi hiyo ipo, mwenzio akipita atakusaidia. Shida ni boti za starehe kuvutana bila ujuzi. Kamba ikikatika chini ya mvutano inarudi na kuua mtu. Na kile chuma cha kufungia kamba mbele ya boti ya futi 21 hakikufungwa kwa ajili ya kuvutwa kwa kasi.

#5 Nahodha_Mwanagenzi

Mzee asante sana, hilo la uokoaji sikuwa nalo kabisa. Swali la haraka: Walinzi wa Pwani si wanavuta bure? Nawaona kila wikendi karibu na Belle Isle.

#6 Mzee_wa_Sukani

Maisha yakiwa hatarini watakuja na hawatakudai. Kama umekaa tu na injini mbovu kwenye maji tulivu, hapana. Watakuuliza kwenye chaneli 16 ya redio, ile ya dharura na kuitana, mko wangapi, mmevaa makoti ya kuokolea, mnaingiza maji? Wakiona hakuna dharura watakuuliza kama una kampuni unayotaka ipigiwe. Huna? Watatoa tangazo redioni la kuomba chombo chochote kilicho karibu kikusaidie, na hapo anayejibu kwanza ndiye anayekuja, kwa bei yake. Upande wa Kanada ni hivyo hivyo, kituo chao cha uratibu wa uokoaji kwa maziwa haya kiko Trenton, Ontario.

Na mita ya bei hiyo haianzii ulipo. Inaanza boti ya kuvuta inapoondoka gatini kwake na kuisha inaporudi gatini kwake. Saa moja ya kukuvuta inaweza kuwa saa tatu za bili.

#7 Jicho_la_Tatu

Mnampotosha kijana. Boti ya kuvuta ya Kimarekani HAIRUHUSIWI kuingia maji ya Kanada kufanya kazi, na ya Kanada hairuhusiwi Marekani. Kuna sheria za kulinda kazi za mabaharia wa ndani. Akizimikia ng'ambo uanachama wake wa Marekani ni karatasi tu.

#8 Bi_Mla_Ugali_Windsor

Nimeona jina la Kanada nikasema ngoja nichungulie. Shikamoo Mzee wa Sukani.

Naishi Windsor, na kwa wasiojua, hapa ndipo mahali ambapo Kanada iko KUSINI mwa Marekani. Ukisimama ukingoni ukiangalia kaskazini unaiona Detroit. Mume wangu ana boti, kwa hiyo haya tunayaishi.

Jicho la Tatu, la sheria nawaachia wenyewe, ila mimi nimeziona boti za kuvuta za Kimarekani upande wetu zaidi ya mara moja, na hawakuja kwa kujificha.

Mwanagenzi, wewe fikiria forodha. Tangu 2017 Kanada ilibadilisha sheria: ukiingia maji yetu kwa boti na kutoka bila kutia nanga, bila kufunga gatini, bila kushuka na bila kugusana na chombo kingine, huna haja ya kuripoti kwa CBSA, yaani forodha ya Kanada. Ukifanya kimojawapo, unapiga simu kuripoti. Sasa tazama: injini ikizima, kitu cha kwanza ambacho mtu mwenye akili anafanya ni nini? Anatia nanga asichukuliwe na mkondo. Tayari umetia nanga Kanada. Halafu boti ya kuvuta inakuja, umegusana na chombo kingine. Piga simu. Haichukui muda mrefu, wanauliza majina na mahali ulipo, wanakupa namba ya ripoti. Hiyo namba iandike.

Nanga usiogope kuitia lakini! Kuna watu wanaogopa forodha kuliko meli ya futi 1,000 inayokuja kwenye mfereji. Meli ile haiwezi kukukwepa.

Ukirudi Marekani baada ya kushuka huku, kuna programu ya simu ya CBP, forodha ya Marekani, inaitwa ROAM, unaripoti humo, wakitaka wanakupigia video.

Na leseni ya kuvua ya Ontario unayo? Maana umesema samaki hawana pasipoti, lakini afisa wa wanyamapori anayo boti.

#9 Mzee_wa_Sukani

Marahaba Bi Mla Ugali.

Jicho la Tatu, hujakosea kwamba sheria hizo zipo. Marekani inazuia chombo cha kigeni kuvuta kati ya sehemu mbili za Marekani, na Kanada ina zake. Ila umeruka mkataba wa tarehe 18 Mei 1908 baina ya Marekani na Uingereza, wakati huo Uingereza ikisaini kwa niaba ya Kanada. Mkataba huo unaruhusu vyombo vya kila upande kusaidia vyombo vilivyovunjika, vilivyoharibikiwa au vilivyo taabani kwenye maji ya upande wa pili, pamoja na uvutaji unaohitajika kwa kazi hiyo. Na unataja maji kwa majina: Ontario, Erie, St. Clair, Huron, Superior, mito ya Niagara, Detroit, St. Clair na St. Marys, na kipande cha St. Lawrence kinachopita mpaka. Pwani za Atlantiki na Pasifiki zinaingia pia, hadi maili 30 kutoka mpakani. Unasema wazi kuwa sheria za forodha na za biashara ya pwani zisizuie msaada huo. Sharti ni kwamba chombo kilichokwenda kusaidia kitoe taarifa forodha baadaye.

Kwa hiyo kwenye maji ya Mwanagenzi, sheria siyo kizuizi. Kizuizi ni mkataba wake yeye na kampuni: je, wanakubali kwenda, na wanalipia hadi wapi?

#10 Jicho_la_Tatu

Sawa mzee, nimekusoma. Lakini tofautisha kilichoharibikiwa na boti iliyoishiwa mafuta kwa uzembe 😄

#11 Mama_Polisi_ya_Bima

Jina langu lisiwatishe, "polisi" ni ile hati ya bima. Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa bima Ohio, boti tunaziandikia kila masika.

Nimwambie ndugu mambo ya upande wangu.

Kiambatisho cha kuvutwa kwenye bima ni cha KUREJESHEWA. Unalipa wewe kwanza pale majini, unaleta risiti, tunakurudishia hadi kikomo. Kikomo kikiwa kidogo na ukavutwa kutoka mbali, salio ni lako. Na kwa baadhi ya kampuni, kuvutwa kunaandikwa kwenye kumbukumbu zako kama madai. Ukivutwa mara kadhaa msimu mmoja, mwakani wanakutazama kwa jicho la pembeni. Uanachama hauna hilo, kwa sababu kisheria ni mkataba wa huduma, siyo bima.

La pili, na hili watu wa mpakani hawalisomi: ukurasa wa mbele wa hati yako una mipaka ya eneo la kusafiri. Nyingi za maziwa makuu zinajumuisha maji ya Kanada, lakini nimeona zilizoandikwa maji ya ndani ya Marekani pekee. Ukiwa na hiyo, ukapanda mawe upande wa Pelee Island, kisiwa cha Kanada Ziwa Erie, uanachama wako haulipii kwa sababu ni uokoaji, na bima hailipii kwa sababu uko nje ya eneo. Hapo unabaki na Mungu na mwanasheria. Mpigie wakala wako, mwambie akujibu kwa maandishi.

La tatu, hati nyingi zina kipindi cha boti kulala, kwa kawaida majira ya baridi. Ukiingia majini ndani ya kipindi hicho kwa sababu tu jua limewaka, bima imelala.

Kwa maoni yangu: uanachama usio na kikomo kwa kuvutwa, PLUS bima nzuri ya chombo yenye uokoaji hadi thamani kamili ya boti. Kiambatisho cha kuvutwa achana nacho.

#12 WaUvira

Ndugu zangu, Mungu awabariki kwa mafundisho. Mimi ni Mkongomani, niko Michigan, boti sina lakini kila majira ya joto rafiki zangu wananialika. Nataka kusema jambo moja ambalo hamjaligusa, na kwetu sisi ndilo zito.

Makaratasi.

Raia wa Marekani akivutwa hadi marina ya Ontario, anapiga simu, anaripoti, anakunywa kahawa. Mwenye grinikadi anatakiwa awe na ile kadi PAMOJA na pasipoti halali ya nchi yake. Wangapi kwetu wana pasipoti ambayo haijaisha? Na yule ambaye kesi yake ya ukimbizi bado iko mezani, akitoka Marekani bila kibali cha kusafiri kinachoombwa kwa fomu I-131, serikali inaweza kuhesabu kuwa ameitupa kesi yake. Na tangu tarehe 25 Machi 2023 ule mkataba wa nchi ya tatu salama baina ya Marekani na Kanada, unaomtaka mkimbizi aombe hifadhi katika ile aliyofika kwanza kati ya nchi hizo mbili, umepanuliwa, unahusu mpaka wote na maji ya ndani pia, siyo vituo rasmi tu.

Kwa hiyo Nahodha, kabla ya kuuliza boti nyekundu au njano, waulize wageni wako wanayo nini mfukoni. Kama kuna mmoja ambaye hawezi kukanyaga Kanada, siku hiyo msivuke mstari. Vueni upande wenu, karibu na Metro Beach huko kuna samaki pia. Na mwenye kesi aulize wakili wake, siyo uzi.

#13 Nahodha_Mwanagenzi

WaUvira, umenishtua. Shemeji yangu yuko katika hali hiyo hiyo na nilishamwahidi safari. Asante sana kaka.

Kwa hiyo swali la "ananipeleka wapi" ndilo kubwa kuliko yote?

#14 Bi_Mla_Ugali_Windsor

Ndiyo. Kuna mikataba inasema watakupeleka bandari salama iliyo karibu. Ukizima Mitchell's Bay, iliyo karibu ni yetu, Ontario. Kuna inayosema watakurudisha gati lako la nyumbani ilimradi liko ndani ya eneo la huduma. Kwa mtu wa mpakani, ya pili ndiyo ya kununua hata kama ni ghali kidogo. Kwanza trela lako na gari lako viko Michigan! Utafanya nini na boti mbovu Belle River Jumapili jioni?

#15 Mzee_wa_Sukani

Niongeze la redio, maana watu siku hizi wanategemea simu ya mkononi. Katikati ya ziwa simu inashika mnara wa Kanada, na kama mpango wako hauna huduma ya nje, data inakufa na programu ya simu ya kuita boti ya kuvuta haifunguki. Nunua redio ya VHF.

Redio ina namba ya utambulisho, MMSI. Ile unayopewa kupitia BoatUS inaanza na 338 na imesajiliwa kwa maji ya Marekani tu, taarifa zako haziingii kwenye hifadhidata ya kimataifa. Ukibonyeza kitufe chekundu cha dharura ukiwa ng'ambo, Wakanada wataona namba bila kujua ni boti gani wala ndugu yako wa kumpigia ni nani. Kama una nia ya kwenda bandari za Kanada, chukua leseni ya redio ya chombo kutoka FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, na kibali cha mwendeshaji wa redio. Sheria inavitaka vyote viwili ukienda bandari ya nje, na FCC ndio wanaotoa namba inayosomeka kote. Onyo: ukishaingiza namba ya kwanza, redio nyingi hazikubali kubadilishwa bila kurudishwa kwa mtengenezaji. Kwa hiyo amua kabla hujaingiza.

Jingine kwa mtu wa pwani kama mimi. Huku hakuna maji kupwa na kujaa ya kuonekana kwa macho, lakini upepo unafanya kazi hiyo. Ukienda Ziwa Erie, upepo mkali wa magharibi ukivuma kutwa, maji yanasukumwa kuelekea Buffalo na huku Toledo yanashuka. Nimeona boti zimekaa kwenye tope gatini zikiwa zimefungwa. Kupwelewa kwa aina hiyo kampuni ya kuvuta inasubiri upepo ugeuke kama wewe tu.

#16 Nahodha_Mwanagenzi

Mrejesho, wakuu.

Nilipiga kampuni zote mbili. Sikuuliza makao makuu, niliuliza moja kwa moja makapteni wa eneo hili, kwa sababu nimejifunza kuwa wanaoendesha boti hizi ni wafanyabiashara wa hapa hapa wenye leseni zao, makao makuu wanapokea simu tu. Niliwauliza maswali manne: boti yako inalala wapi usiku wa Jumapili, unakuja hadi Mitchell's Bay, unanirudisha gati langu au bandari ya karibu, na mchangani unaanza kuita uokoaji lini.

Mmoja alinijibu yote kwa utulivu na akanitumia kwa barua pepe. Mwingine aliniambia "inategemea" kwa kila swali. Rangi za boti zao sitazitaja, kwa sababu kwenu Erie au kwingineko anayejibu vizuri anaweza kuwa wa rangi nyingine. Nimechukua wa kwanza, daraja lisilo na kikomo.

Bima nimegundua eneo langu linajumuisha Kanada, nimeomba wathibitishe kwa maandishi kama Mama Polisi alivyosema. Kiambatisho nimekikataa. Shemeji tutavua naye upande huu.

Swali la mwisho: mdogo wangu wa Lansing huwa anaazima boti mimi nikiwa kazini. Uanachama wangu unamfunika?

#17 Mama_Polisi_ya_Bima

Kwa kampuni hizo mbili uanachama unamfuata mtu, siyo boti. Wewe ukiazima boti ya jirani, umefunikwa. Mdogo wako akiwa peke yake kwenye boti yako, hapana, anahitaji wake. Na kwenye bima angalia kama ameandikwa miongoni mwa waendeshaji.

#18 Tanga_Raha

Mwambieni mdogo mtu abebe shati la kupunga.

#19 Nahodha_Mwanagenzi

😂😂 Nimemtumia kiungo cha kujiunga. Anasema atajiunga akipata mshahara, nami nimemwambia funguo za boti atazipata akipata mshahara.